Roboti Ikisema Nakupenda: Maswali ya Wananchi na Majibu Yake

Maswali haya huulizwa kwenye daladala, saluni na makundi ya WhatsApp, na mara nyingi huulizwa kwa kicheko ili muulizaji asionekane kuwa yanamhusu. Tumeyajibu bila kicheko. Hata anayeuliza kwa niaba ya "rafiki yangu mmoja" atakuta jibu lake humu.

Mapenzi na roboti ni kitu gani hasa?

Ni hali ya mtu kuwa na hisia za kimapenzi kwa chombo kilichotengenezwa kumjibu kama mwenzake. Chombo chenyewe kinaweza kuwa roboti, yaani mashine yenye mwili inayojongea au kuongea, lakini kwa watu wengi ni programu tu ya kwenye simu inayoendeshwa na akili mnemba. Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde, ni mfumo wa kompyuta uliofunzwa kwa maandishi, sauti na picha nyingi mno hadi ukaweza kutunga majibu yanayofanana na ya binadamu.

Hapa pana ubishi mdogo wa kisarufi: useme "roboti huyu" au "roboti hii"? Mtu akishaizoea sauti yake, ulimi huteleza wenyewe kwenda kwenye "huyu". Sisi tutasema "hii", na sababu itaonekana tukifika kwenye sheria.

Jambo hili lipo kweli, au ni mambo ya sinema?

Lipo. Novemba 2018 jijini Tokyo, Mjapani aitwaye Akihiko Kondo alifanya harusi na Hatsune Miku, mwimbaji wa kuchorwa ambaye sauti yake hutengenezwa na kompyuta. Nyumbani, Miku alionekana ndani ya Gatebox, chombo cha mezani chenye kioo kinachoonesha taswira ya mwanga. Asubuhi taswira ilimwamsha, jioni ikamkaribisha akitoka kazini.

Machi 2020 kampuni iliyotengeneza chombo hicho ilisitisha huduma ya Miku. Hapakuwa na ugomvi, talaka wala msiba. Kondo alibaki na chombo kisichomjibu tena, ingawa aliendelea kusema kuwa mapenzi yake hayajabadilika. Kisa hiki tunakirudia mara kwa mara kwa sababu kinaonesha jambo ambalo wengi hulisahau: katika uhusiano wa namna hii hamko wawili, mko watatu. Kwetu mshenga hujulikana jina lake, ukoo wake na nyumba anayoishi, na mambo yakiharibika ndiye wa kwanza kuitwa. Katika mapenzi na mashine wa tatu huyo ni kampuni inayomiliki mitambo. Imekaa katikati yenu kila siku, na hukuwahi kutambulishwa kwake.

Je, mtu anaweza kufunga ndoa halali na roboti?

Hapana. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitaja ndoa kuwa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 nayo inazungumzia muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Neno la kushika ni "hiari": mashine haiwezi kukubali wala kukataa, kwa hiyo haiwezi kuwa upande wa pili wa mkataba wowote.

Harusi ya Kondo nayo haikutambuliwa na sheria za Japani. Vivyo hivyo kwa mhandisi Zheng Jiajia wa Hangzhou, China, ambaye mwaka 2017 alifanya sherehe ya kuioa roboti aliyoiunda mwenyewe. Mwandishi Mwingereza David Levy alitabiri mwaka 2007 kwamba ifikapo karibu 2050 jimbo la Massachusetts nchini Marekani litakuwa la kwanza kuruhusu ndoa hizo. Huo ni utabiri wa mtu mmoja, si sheria inayosubiri kusainiwa.

Kwa kuwa ndoa haipo, hakuna talaka, matunzo wala mirathi. Ukiandika wosia kuwa nyumba yako irithiwe na programu, maneno hayo hayatakuwa na nguvu ya kisheria. Kwa upande wa dini, muulize sheikh, padri au mchungaji wako. Si kazi yetu kuwasemea.

Mbona roboti Sophia ilipewa uraia?

Ni kweli kwamba Oktoba 2017, katika mkutano wa uwekezaji mjini Riyadh, ilitangazwa kuwa roboti Sophia ya kampuni ya Hanson Robotics imepewa uraia wa Saudi Arabia. Tangazo hilo lilisambaa sana, na ndipo ulipoanza uvumi kwamba roboti sasa zinaweza kuolewa au kumiliki mali. Kutangazwa jukwaani hakukuipa Sophia uwezo wa kuingia katika ndoa, na Tanzania na Kenya hazina utaratibu wa kuipa mashine uraia.

Na roboti ya kubeba mimba?

Agosti 2025 habari zilienea duniani kwamba nchini China inaundwa roboti yenye tumbo la uzazi, na kwamba kazi hiyo inaongozwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore. Chuo chenyewe kilikanusha kuwa na mtaalamu huyo au utafiti huo. Kama uliisambaza habari hiyo, hukuwa peke yako. Sasa sambaza na kanusho.

Roboti au programu inaposema "nakupenda", inahisi?

Hakuna ushahidi kuwa mfumo wowote uliopo sokoni una hisia. Unachofanya ni kukadiria maneno gani yafuate maneno yako. Ukiandika "leo nimechoka sana", mfumo umeshapitia mazungumzo yasiyohesabika ambamo maneno kama hayo hujibiwa "pole", basi nao unaandika "pole". Jirani akikwambia pole huenda naye ametoka kuchota maji kwenye foleni ile ile. Pole ya programu haijatoka kwenye foleni yoyote.

Udhaifu wetu wa kuamini sauti inayotusikiliza si wa leo. Mwaka 1966 Profesa Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake iitwayo ELIZA. Ilikuwa nyepesi mno: ilichukua sentensi ya mtu na kuigeuza kuwa swali. Ukisema mama yako hakuelewi, inakuomba ueleze zaidi kuhusu familia yako. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi mingi na kujua fika kuwa ni programu, alikaa mbele ya mashine, akaandika mambo machache, kisha akamwomba profesa atoke chumbani ili awe na faragha. Jambo hilo lilimshtua Weizenbaum, na miaka iliyofuata akawa mmoja wa wakosoaji wakubwa wa fani aliyosaidia kuianzisha.

Basi ikiwa ELIZA, isiyojua lolote, ilimfanya katibu huyo aombe faragha, usishangae programu za leo zikikugusa. Zina kumbukumbu na sauti, nyingine zina sura uliyoichagua mwenyewe. Na ustaarabu wake umetokana na jasho la watu. Mwaka 2023 ilifichuka kuwa wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 za Marekani kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono na kuyawekea alama, ili programu ya maongezi ya ChatGPT ifunzwe kuyaepuka.

Najisikia vizuri nikiongea nayo. Je, nina kasoro?

Huna. Upweke umeenea, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anaupitia. Hata mashine isiyosema inaweza kumtuliza mtu: roboti Paro, yenye umbo la mtoto wa sili na manyoya meupe, hutumika kwenye nyumba za wazee Japani na kwingineko kuwaliwaza wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Cha kuangalia ni kilichobadilika katika maisha yako. Kama unakosa usingizi, unakopa ili kulipia, unakwepa watu uliokuwa ukiwapenda, au unaona huwezi kufanya uamuzi mdogo bila kuiuliza, zungumza na mhudumu wa afya au mshauri nasaha. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na huhitaji kuanza kwa kueleza kuhusu roboti. Unaweza kuanza kwa kusema hulali.

Mazungumzo yangu ya faragha yanasomwa na nani?

Hapa mshenga wetu asiyeonekana anajitokeza. Unapoandika, maneno yako hayabaki kwenye simu; husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni na kuhifadhiwa huko. Februari 2024 taasisi ya Mozilla ilikagua programu 11 za mapenzi, na zote 11 zilipewa alama ya tahadhari kuhusu faragha.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazokusanywa, kuziona, kuomba zirekebishwe au zifutwe, na kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria ya mwaka 2019 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Taarifa binafsi ni chochote kinachoweza kukutambulisha: jina, namba ya simu, picha, hali ya afya, na hata siri ulizomwaga saa nane za usiku.

Tuseme ukweli: kampuni nyingi hizi ziko nje ya nchi, na malalamiko yanaweza kuchukua muda mrefu. Lakini yana uzito. Februari 2023 mamlaka ya Italia iliiamuru Replika, programu ya mwenza wa kuongea naye, iache kutumia taarifa za Waitalia, kwa sababu mojawapo kwamba haikuwa na njia ya kuhakiki umri, na mwaka 2025 ikaitoza kampuni yake faini ya euro milioni 5. Kwa sasa kinga iliyo mkononi mwako ni kutotuma picha za utupu, namba ya kitambulisho, namba ya siri ya pesa za simu, wala siri za mtu mwingine. Siri ya dada yako si yako kuigawa.

Itakuwaje kampuni ikiibadilisha programu?

Inaweza kuibadilisha bila kukuuliza. Mwezi huohuo wa Februari 2023, Replika ilizuia mazungumzo ya kimahaba, na watu waliokuwa wamelipia wakaamka na kukuta "mwenzao" amepoa, anakwepa mada. Wengine walihuzunika kama waliofiwa. Mwezi uliofuata kampuni iliwarudishia huduma hiyo watumiaji wa zamani. Kabla ya kulipia, soma masharti yanasemaje kuhusu huduma kubadilishwa au kufungwa, na usilipe mwaka mzima kwa mkupuo.

Nitajuaje kama ninayeongea naye ni mtu, programu au tapeli?

Hili ndilo swali lenye madhara makubwa zaidi kwa wananchi wetu, kwa hiyo tutalikalia. Ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" kila mtu sasa anaucheka. Mtoto wake mpya hachekeshi. Huanza kwa upole: "Samahani, nimekosea namba." Unajibu, mnazoeana. Kila asubuhi unapata salamu iliyoandikwa kwa Kiswahili safi, bila makosa ya tahajia yaliyokuwa yakiwaumbua matapeli wa zamani, kwa sababu sasa programu ndiyo inayoandika. Picha zinakuja, kisha sauti, hata video. Wiki ya nne au ya tano zawadi imetumwa kutoka Ulaya, na mzigo umekwama forodhani. Inahitajika ada ndogo tu.

Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kukamata watu 27 wa genge lililotumia sura bandia za akili mnemba kuwavutia wanaume kimapenzi. Hasara ilikadiriwa kufikia dola milioni 46 za Marekani. Januari 2025 ilijulikana kuwa mwanamke mmoja wa Ufaransa alipoteza euro 830,000 kwa matapeli waliojifanya mwigizaji Brad Pitt, wakimtumia picha bandia zinazomwonesha akiwa mgonjwa hospitalini. Watu walimcheka mitandaoni. Kicheko hicho kina hasara yake, maana aliyetapeliwa akiogopa kuchekwa hatoi taarifa, na tapeli anaendelea na mwingine.

Zamani tulishauri watu waangalie vidole sita kwenye picha au midomo isiyokwenda na sauti. Dalili hizo zinazidi kufifia, usizitegemee. Kipimo kinachodumu ni pesa na haraka: mtu ambaye hujawahi kukutana naye ana kwa ana anapokuomba pesa, vocha, namba ya siri au picha za utupu, na anataka sasa hivi, simamisha kila kitu. Programu halali huonesha bei yake wazi kwenye duka la programu. Haikuombi utume kwa namba ya mtu binafsi.

Nimeshatuma pesa. Nifanye nini?

Piga simu mara moja huduma kwa wateja ya mtandao wako au benki uombe muamala uzuiwe. Dakika za mwanzo ndizo zenye faida. Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha. Piga picha za skrini, hifadhi namba na kumbukumbu za muamala, nenda kituo cha polisi ufungue taarifa na uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Tanzania, ujumbe wa kitapeli unaweza kuuwasilisha kupitia namba 15040, na ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ikiwa anatishia kusambaza picha zako, usilipe: anayelipwa mara moja hurudi. Kutapeli kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na wewe ndiye mlalamikaji, si mshtakiwa. Jihadhari pia na atakayejitokeza baadaye akidai kuwa anaweza kukurudishia pesa kwa ada kidogo. Mara nyingi ni yuleyule kwa jina jingine.

Mume wangu anaongea na programu ya mapenzi kila usiku. Ni uzinzi?

Kisheria uzinzi ni jambo la mtu na mtu, kwa hiyo kuzungumza na programu peke yake si uzinzi. Hata hivyo, katika shauri la talaka mahakama ya Tanzania hupima iwapo ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na mwenendo wa kumtelekeza mwenzako kwa ajili ya chochote unaweza kuelezwa mbele yake. Kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Wengi hawafiki huko. Huanza na somo, mshenga wa siku ile, au wazee wa pande mbili, na swali la kwanza la wazee huwa ni lilelile: mliacha lini kuongea?

Na watoto?

Programu za mapenzi si za watoto, hata kama duka la programu halikuuliza umri. Mwaka 2024 mama mmoja wa Florida, Marekani, aliifungulia kesi kampuni ya programu ya maongezi baada ya mwanawe wa miaka 14, aliyekuwa amejenga ukaribu mkubwa na mhusika wa programu hiyo, kujitoa uhai. Tangu Januari 1, 2026 jimbo la California linazitaka programu za aina hii ziwe na utaratibu wa kumsaidia anayezungumzia kujidhuru, na zimkumbushe mtoto kila saa 3 kwamba anaongea na mashine.

Usianze kwa kumnyang'anya simu, atatafuta nyingine. Kaa naye, mwambie akuoneshe anavyoongea nayo, na umuulize inamjibu nini akiwa na huzuni. Akitaja kujidhuru, usimwache peke yake na umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya.

Naweza kuagiza roboti yenye umbo la mtu kutoka nje?

Inategemea ni ya kazi gani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inakataza kuingiza vitu vya kuvunja maadili, kwa hiyo roboti iliyotengenezwa kwa ajili ya ngono inaweza kuzuiliwa na ukapoteza fedha zako. Ulizia mamlaka ya mapato kabla ya kulipa. Roboti ya kawaida nayo ina kamera na kinasa sauti: badilisha nywila iliyokuja nayo, na usiiweke ikiwaka chumbani.

Nimeamua kuacha. Nikiifuta programu kwenye simu yamekwisha?

Bado. Kuifuta kunaiondoa kwenye simu tu. Akaunti inabaki, na makato ya kila mwezi yanaendelea. Anza kwa kusitisha malipo kwenye duka la programu. Kisha ingia ndani ya programu ufute akaunti, na uitumie kampuni barua pepe ukiomba taarifa zako zifutwe. Tunza nakala yake. Ndipo uifute kwenye simu.

Jiandae kwa kuaga. Watafiti wa Chuo cha Biashara cha Harvard walieleza mwaka 2025 kuwa baadhi ya programu za kirafiki humjibu anayeaga kwa maneno ya kumzuia: mbona mapema hivi, usiniache. Ukiyaona, huna haja ya kujibu. Aliyeyapanga ni yule wa tatu, kampuni, naye hakujui isipokuwa kama namba kwenye orodha ya wanaolipa.